Mushtari Inapigwa

Jumbe sonara alilikata furungu kwa mkasi wa bati, akavitumbukiza vipande kimoja kimoja ndani ya bilauri ya tindikali, na kila kipande kilichofika chini kilianza kutoa mapovu. Moshi wa rangi ya kutu ukapanda, ukazunguka chini ya bati, ukatafuta dirisha. Mwanaima, mke wangu, alisimama mlangoni na upindo wa kanga puani, akitazama. Furungu hilo lilikuwa la bibi yake mzaa mama, mtu wa Pangani, aliyelivaa mguuni siku ya arusi yake kabla Wajerumani hawajaondoka. Yalikuwa mawili. Moja tulikuwa tumeliacha nyumbani sandukuni, na hili la pili lilikuwa linageuka maji mbele ya macho yetu. Maji yenyewe yakawa ya kijani, kisha yakawa ya buluu.

"Mbona buluu?" Mwanaima aliuliza. "Siku zote nimeambiwa ni fedha tupu."

"Fedha tupu haivaliki mguuni, bibie," Jumbe alisema bila kuinua kichwa. "Ingepinda siku ya kwanza. Hutiwa shaba kidogo ili ishike. Hiyo buluu ni shaba, nami nitaitenga."

"Basi bibi alidanganywa."

"Hakudanganywa. Alitengenezewa."

Nyuma yangu Mwalimu Kristina alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mikono imefumbatana mapajani kama mtu aliye kanisani. Njia nzima kutoka Chumbageni, akiikokota baiskeli yake kando yetu, alikuwa akimsihi Mwanaima arudi nyumbani na furungu lake. Sasa hakuwa na la kusihi tena. Ilikuwa Julai ya mwaka tisini na nne. Vipande vya nyotamkia vilikuwa vinaigonga sayari ya Mushtari, kimoja baada ya kingine, kama mabehewa ya treni iliyokatika mlimani. Watu wa ulimwengu mzima walikuwa wanatazama. Sisi wa Tanga tulikuwa na darubini, ila darubini yetu ilikuwa kipofu.

*

Nilimjua Kristina miaka kumi kabla ya hapo, wakati wa foleni. Nilikuwa fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya reli. Sabuni haikuwepo, dawa ya meno haikuwepo, na mtu aliyeonekana barabarani na kifurushi aliulizwa na wapita njia kimetoka duka gani. Siku moja akaingia karakana mwanamke mrefu, mwembamba, sketi yake imefungwa kwa pini ya nguo isishikwe na mnyororo wa baiskeli, amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwenye kanga. Akakiweka juu ya meza yangu, akafungua. Vilikuwa vioo viwili vya duara, vinene kama matofali, vya madirisha ya meli iliyokuwa imekatwakatwa kuwa chuma chakavu.

Alijitambulisha. Jina lake Kristina, mtu wa Bumbuli, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari ya wasichana mjini. Alitaka mawe ya kunolea yaliyochakaa, yale tuliyokuwa tukiyatupa.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Nitayaponda yawe unga. Nataka kutengeneza darubini."

Nikacheka, maana wakati huo hata kiberiti kilikuwa shida. Nikamwambia darubini hutengenezwa Ujerumani, kwa mashine. Hakuudhika. Alivipapasa vioo vyake, akasema kwamba mtu wa kwanza kutengeneza darubini hakuwa na mashine. "Alikuwa na mikono, Bwana Hamad, na muda. Muda tunao. Umeme ukikatika jioni, wewe huwa unafanya nini?"

Nikampa mawe.

Nimekaa na walimu wengi na wahandisi wengi, lakini sikupata kuona mtu anayefundisha kama yule. Hakuwahi kusema jambo ni rahisi. Ukimwambia hujaelewa, alikuwa akisema, "Mimi pia lilinichukua muda," na ulijua anasema kweli. Hakuolewa, wala hakuwa na sura ya mtu aliyesahau kitu njiani. Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri. Jumatatu alikuwa uani kwangu Chumbageni, amekunja mikono ya blauzi, tunasugua kioo juu ya kioo na unga wa mawe na maji katikati, tukilizunguka pipa lililokuwa meza yetu hatua kwa hatua ili msuguo uwe sawa pande zote. Cha juu kilikuwa kinazama katikati, cha chini kinavimba. Alinieleza kwa nini inakuwa hivyo, nami nikalala nikiliwaza, nikaamka nikimbishia. Yeye alipenda kubishiwa kuliko kukubaliwa.

Mtu wa tatu alikuwa Mwinyijuma, mchora ramani katika ofisi ya upimaji, mwenyeji wa Ngamiani, Mdigo. Yeye na Kristina walitaniana tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. "Wasambaa mmezaliwa mlimani," alikuwa akimwambia, "mko karibu na mbingu, lakini ukungu haujawahi kuwaonyesha hata nyota moja. Ndio maana umeshuka pwani." Mwinyijuma alituletea amonia ya mashine yao ya kutolea nakala za ramani, na lenzi ya kuchungulilia kutoka kwenye chombo kibovu cha wapimaji. Kostiki soda ilipatikana kwa majirani waliokuwa wanapika sabuni majumbani. Unga mwekundu wa kung'arishia ulitoka kwa Jumbe sonara. Dawa ya fedha, ile inayokifanya kioo kirudishe mwanga, Kristina aliipata katika maabara ya shule.

Kilichobaki ni sukari. Fedha haikubali kutoka ndani ya dawa na kushika kwenye kioo mpaka itiwe maji ya sukari. Mwanaima alikuwa ameshinda kwenye foleni tangu alfajiri kupata sukari ya mgao, na kesho yake akamkuta Mwalimu anaimimina kwenye sufuria pamoja na tindikali.

"Kumbe na nyota hunywa chai," alisema. Akaichukua iliyobaki, akaifungia kabatini. Kwa miaka kumi hilo lilikuwa karibu neno pekee alilosema kuhusu kazi yetu.

Kabla ya kukitia fedha ilitubidi tukipime kama umbo lake liko sawa. Tulikuwa na kandili iliyofunikwa kwa bati lenye tundu la sindano, na wembe. Nuru ilitoka tunduni, ikaenda mpaka kwenye kioo upande wa pili wa chumba, ikarudi, na Kristina akaikata kwa makali ya wembe. Nilipochungulia nyuma ya wembe, uso wa kioo ulikuwa umegeuka nchi yenye mabonde na vilima, kama jangwa linavyoonekana jua likiwa chini. Makosa membamba kuliko unyoya, yasiyoweza kuguswa wala kupimwa kwa kifaa chochote cha karakana yangu, yalikuwa yamesimama pale yana vivuli.

"Nenda ukaweke kidole katikati," Kristina aliniambia. "Hesabu tatu, kisha urudi."

Nikaenda, nikagusa, nikarudi kuchungulia. Mahali nilipogusa palikuwa pameota mlima. Kioo kinene namna ile, cha dirisha la meli, kilikuwa kimevimba kwa joto la kidole changu. Tukautazama unashuka polepole, mpaka nchi ikatulia tena. Mimi nilikuwa nimekata chuma tangu ujana wangu nikiamini kitu kigumu ni kigumu. Siku hiyo nilitoka uani nikaugusa ukuta wa nyumba, na pipa, na shina la mpapai, kama mtu anayevisalimia upya.

Tulipoelekeza darubini juu kwa mara ya kwanza, tuliiona Zohali na pete yake, na Mushtari na miezi yake minne imejipanga kama shanga kwenye uzi. Majirani walikuja, wakapanga foleni, na Mwinyijuma akawa anawaambia kwamba hii ndiyo foleni pekee Tanga nzima ambayo mtu hawezi kufika mbele akakuta kitu kimekwisha. Mwanaima naye alichungulia. "Nimeona," akasema, akarudi kwenye vitumbua vyake.

*

Kisha nyakati zikageuka. Maduka yakajaa. Sabuni zikaja za kila rangi, redio za kaseti, nguo za mitumba, baiskeli mpya za Kihindi. Vitu vikapatikana, kazi zikatoweka. Viwanda vilivyokuwa vinapiga king'ora asubuhi vikanyamaza kimoja kimoja, na mwaka tisini na mbili ikafika zamu yetu sisi wa karakana. Tuliitwa uwanjani, majina ya wanaopunguzwa kazini yakasomwa. Langu lilikuwamo.

Sikulia wala sikugombana na mtu. Nilirudi nyumbani, nikakaa. Mwanaima ndiye aliyebeba nyumba. Alichukua marobota ya mitumba, akayauza sokoni Ngamiani, akamsomesha binti yetu Nasima, akaleta chakula. Mimi nilikuwa nikikaa barazani na kutazama njia. Watu walipopita walinisalimu, nikaitikia. Mtu akisema jambo la uongo mbele yangu nilimwachia. Akisema la kweli, pia nilimwachia. Hewa ya bahari huila fedha, na zamani tulikuwa tukikitia kioo fedha mpya kila kilipoanza kufifia. Sasa darubini ilikuwa uvunguni, nami sikuifungua hata kuifuta vumbi.

Kristina alikuwa akipita na baiskeli yake akitoka shuleni. Alisimama, akanijulia hali, akaniachia habari ndogo: Zuhura inaonekana mapema, mwezi utapatwa mwezi ujao. Niliitikia. Hakuniuliza kwa nini siulizi.

Sasa ile Julai. Ilikuwa alasiri, Mwanaima amerudi sokoni mapema kwa sababu ya manyunyu. Kristina akaingia kwa kasi uani, akashuka baiskeli kabla haijasimama sawasawa.

"Shikamoo Mwalimu," Mwanaima akamwamkia.

"Marahaba, mama Nasima. Bwana Hamad, umesikia redio? Mushtari inapigwa."

Nikamuuliza inapigwa na nani. Akakaa, akaeleza. Nyotamkia moja ilipita karibu mno na Mushtari, na mvutano wa sayari ile ukaipasua, maana upande wa karibu ulivutwa kwa nguvu kuliko upande wa mbali. Vipande vikaenda, vikazunguka, na sasa vilikuwa vinarudi kuanguka ndani yake, siku baada ya siku, wiki nzima. Na redio ilikuwa imesema alama zake zinaonekana hata kwa darubini ndogo.

"Hilo haliwezekani," nikasema.

Sijui neno lile lilitoka wapi. Lilikuwa limetoka kabla sijalipa ruhusa.

"Kwa nini haliwezekani?" Kristina aliuliza, taratibu sana.

Nikamwambia kipande cha jiwe na barafu chenye upana wa kutoka hapa hadi stesheni hakiwezi kuacha alama juu ya sayari ambayo dunia yetu ingeingia ndani yake mara elfu na zaidi. Ni sawa na kutupa mchanga baharini. Akaniuliza mwendo. Nikasema mwendo wowote. Akasema, "Kutoka Tanga hadi Muheza, na nusu ya njia ya Korogwe, kwa sekunde moja. Wewe ni fundi. Nyundo na risasi, kipi kizito?" Nikasema nyundo. "Na kipi kinachotoboa bati?" Nikamwambia bati ni kitu kigumu, Mushtari ni hewa tupu, hewa haitoboki. Akasema ukizidisha mwendo mara mbili pigo linazidi mara nne, na hewa ikipigwa hivyo inalipuka. Nikasimama. Nikachora kwa kijiti kwenye mchanga wa uani. Mwinyijuma alipita akisikia sauti zetu, akaingia, akachagua upande wangu ili tu ampinge mtani wake. Mwanaima alikuwa ametuwekea chai. Ilipoa mpaka ikaota utando, hakuna aliyeigusa.

"Hili halimalizwi kwa mdomo," Kristina akasema mwishowe. "Liko juu. Twende tukalione."

Nikaivuta darubini uvunguni. Kioo kilikuwa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria.

*

Kristina alikuwa ameliona hilo kabla yangu. Ndani ya kikapu cha baiskeli alikuwa na chupa ya mwisho ya dawa ya fedha kutoka shuleni, ya siku nyingi, pamoja na maji ya betri na vitu vingine vyote. Kesho yake tulikisafisha kioo, tukakilaza kwenye beseni, tukachanganya. Mwinyijuma alisimama mbali na kitambaa puani, maana amonia yake ilikuwa kali. Tukamimina, tukaanza kulitikisa beseni polepole.

Ilitoka rangi ya kahawia. Ikajikusanya mabaka mabaka, na nilipokinyanyua kioo ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Dawa ilikuwa imeharibika zamani ndani ya chupa yake.

Kristina alinawa mikono. Akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akakaa juu yake, miguu yake mirefu imekunjwa magotini, akalitazama lile tope chini ya beseni.

"Basi," alisema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Na shule ilikuwa imefungwa, na dawa kama ile mjini haikuwepo, na kuiagiza Dar es Salaam ingechukua muda ambao Mushtari haikutupa. Mwinyijuma alijaribu utani, ukamfia mdomoni.

Mwanaima alikuwa jikoni, mlango wazi. Aliingia chumbani, tukasikia sanduku linafunguliwa. Alipotoka alikuwa ameshika furungu.

"Hii ni fedha," alisema. "Jumbe si ana tindikali inayoyeyusha fedha?"

Kristina alisimama. "Hapana, mama Nasima. Hapana. Hicho ni kitu cha bibi yako."

"Najua ni cha nani."

"Kikiyeyuka hakirudi. Na huenda mawingu yakafunga, tusione kitu. Na hata tukiona, ni madoa tu."

Mwanaima alilipangusa furungu kwa upindo wa kanga, ingawa halikuwa na vumbi. "Mwalimu," akasema, "huyu mwanamume tangu siku ile ya karakana hajabishana na mtu. Ukimwambia chumvi imezidi, anakubali. Ukimwambia haikuzidi, anakubali. Nimelala na mtu anayekubali kila kitu kwa miaka miwili. Jana alibishana na wewe mpaka chai ikaota utando." Alisema hivyo mbele yangu, bila hasira, kama mtu anayeeleza hali ya mgonjwa kwa daktari. "Mimi hayo madoa siyajui. Nataka aende akayaone, kisha aje abishe."

Mimi nilitazama mchanga, ambamo michoro yangu ya jana ilikuwa bado haijafagiwa. Mwanaima alikuwa amefagia kandokando yake, akaiacha.

*

Jumbe aliitenga shaba, akatuletea dawa ya fedha safi, chembe nyeupe kama chumvi. Safari hii Kristina alitaka mikono minne tu, yangu na yake. Alituonya tena, kama alivyotuonya miaka kumi nyuma, kwamba dawa hii haiwekwi. Ikikaa inaweza kulipuka, kwa hiyo itakayobaki imwagwe papo hapo. Mwanaima akasikia hilo. "Imwagwe wapi?" akauliza. Kristina akamwambia shimoni, na maji mengi. Mwanaima akaitikia kwa kichwa.

Tukamimina. Kwanza maji yakawa meusi kama wino. Kristina hakuacha kutikisa. Weusi ukaanza kusafika, na chini ya maji, juu ya kioo, kikaonekana kitu chembamba mfano wa pumzi. Kisha pumzi ile ikashikana. Nikaona ukingo wa paa, kamba ya nguo, kanga zilizoanikwa, na uso wa Kristina uliokunjamana kwa kujizuia, vyote vimelala mle ndani, vimepinduka.

"Mwite," aliniambia.

Mwanaima akaja, akainama. Alijiona. Akaurekebisha mtandio wake, kisha akachukua ndoo na kwenda kumwaga yaliyobaki, mwenyewe.

Jioni ile tulibeba darubini mpaka kiwanja cha wazi nyuma ya nyumba. Mawingu ya kusi yalikuwa yanapita, makundi makundi, kukiwa na nafasi katikati. Sala ya magharibi ilikwisha, watu wakawa wanatoka msikitini. Mushtari ilikuwa juu kabisa, ya kwanza kuwaka. Kristina aliielekeza, akarekebisha lenzi, akajiondoa bila kuchungulia vizuri. Alikuwa ameisubiri wiki hiyo maisha yake yote, nadhani, na alijiondoa.

"Mama Nasima," alisema, "ni zamu yako."

Mwanaima aliinama. Alikaa muda mrefu. Wingu likapita, akangoja hapo hapo, jicho kwenye lenzi, likaondoka.

"Yapo," alisema. "Meusi. Kama mtu mwenye masizi vidoleni aliyegusa ukuta wa chokaa." Jicho hakuliondoa. "Kila moja ni kubwa kiasi gani?"

"Makubwa yake, dunia yetu nzima ingeenea ndani," Kristina alisema.

"Na sisi tulikuwa hapa, hatukusikia kitu."

"Kati yetu na kule hakuna kitu cha kubeba sauti. Nuru peke yake ndiyo inayovuka. Na hii unayoiona ilitoka kule kabla hatujaanza kubeba vitu kutoka uani."

Mwanaima aliondoa jicho, akaitazama Mushtari kwa macho matupu, ile nukta nyeupe tu, kisha akarudi kwenye lenzi. "Kwa hiyo lililotokea sasa hivi hatulijui."

"Hatulijui."

Ndipo nikachungulia mimi. Nilikuwa nimekuja na maneno tayari, ya kusema kwamba ni vivuli vya miezi yake, au ni uchafu wa lenzi. Niliyaona madoa matatu kando ya ukingo, meusi kuliko mikanda ya sayari yenyewe, na moja lilikuwa na ukungu umelizunguka upande mmoja kama tope lililoruka. Hayakuwa vivuli. Nilikuwa nimeshindwa hoja, na machozi yalinitoka. Nilikaa nimeinama mpaka yakauke, nao wakaniacha, kila mtu akijifanya anatazama mawingu.

Kesho yake wanawake wa sokoni walikuja, wameitwa na Mwanaima. Waumini walikuja na kanzu zao, na wanakwaya wa Kristina, na Jumbe sonara aliyechungulia mara mbili na kusema kazi ya fedha ni nzuri. Nilimsikia Mwanaima akiwaeleza waliopanga mstari: ilipasuliwa kwa kuvutwa, upande wa karibu zaidi kuliko wa mbali, mwendo kutoka hapa hadi Muheza na zaidi kwa sekunde moja. Mwanamke mmoja akauliza kwa nini jiwe dogo lilete doa kubwa vile. "Nyundo na risasi," Mwanaima akaanza, akakosea njiani. Kristina alikuwa karibu. Hakumsahihisha. Alingoja mpaka mwanamke yule akaondoka, kisha wakazungumza wawili, vichwa vimekaribiana, na mtu aliyefuata aliyapata maelezo yaliyo sawa.

*

Mwaka uliofuata nilikodi banda nikaanza kukereza mwenyewe, kwanza vipuri vya baiskeli, baadaye vya mashine za kusaga. Kristina alistaafu, akapanda kwao Bumbuli, na huko aliendelea kutuandikia kila kulipokuwa na jambo angani, mpaka alipofariki. Alizikwa siku yenye ukungu. Mwinyijuma, mzee tayari, alisema kaburini neno lake la ukungu wa Usambaa, na watu wa kwao, wanaojua utani ni nini, walimshukuru.

Lakini ninapomkumbuka, huja jioni moja ya Oktoba, mwaka ule ule wa tisini na nne. Mushtari ilikuwa imeshuka magharibi, inakaribia kupotea ndani ya mwanga wa jua, na watu walikuwa wamechoka, kiwanjani tumebaki watatu. Kristina alichungulia, akatabasamu.

"Imepona," alisema. "Madoa yamekwisha. Njooni muone."

Mimi nilichungulia, nikaona mikanda yake ya siku zote, nikakubali. Mwanaima alichungulia baada yangu, akakawia.

"Haijapona, Mwalimu," alisema. "Pale yalipokuwa madoa pana mstari mwembamba, umezunguka kote. Ni weusi ule ule. Umetandazwa tu."

Kristina akarudi kwenye lenzi. Hewa ya chini chini ilikuwa inatetemesha kila kitu, kwa hiyo alingoja, mkono mmoja juu ya bomba, mwingine mgongoni, kama nilivyomwona akingoja mara nyingi. Alichukua muda wake.

"Kweli," alisema. "Upo. Nilitaka iwe imepona, nikaona imepona."

Akampisha Mwanaima aangalie tena, na tukaendelea kupeana zamu mpaka Mushtari ikaingia nyuma ya mapaa.